Shajara ya mradi: kurekebisha umeme wa trela la kambi lililotumika, Entebbe

Trela hili lilitengenezwa Uingereza, likapita mikononi mwa zaidi ya mmiliki mmoja, na likanifikia likiwa na bodi nzima, magurudumu mazuri, na umeme usio na sehemu hata moja ya kuaminika. Kwa barabara zetu lina faida ambayo matrela mengi ya kutoka bara la Ulaya hayana: mlango wake uko upande wa kushoto, kwa hiyo mtu hushukia ukingoni mwa barabara badala ya kushukia katikati ya magari. Ninaweka kumbukumbu hizi kwa ajili ya yeyote mwenye trela la namna hii hapa Uganda, ambako duka la vipuri vya matrela ya kambi si rahisi kulipata, na kila kitu hulazimika kutafutwa kwa mafundi wa magari, wa sola na wa umeme wa nyumba. Bei zote ni za shilingi za Uganda, nilizolipa baada ya kupatana.

8 Februari 2025: Hali lilivyokutwa

Dalili zilikuwa nyingi, na kwa mtazamo wa kwanza hazikuhusiana. Indiketa ya kushoto ilipowashwa, taa ya breki ya upande huohuo nayo ilimemeta kwa kufifia, ikifuata mdundo wa indiketa. Taa za ndani zilipungua mwanga kila pampu ya maji ilipoanza kuvuta. Betri iliyochajiwa mchana kutwa haikumaliza usiku. Friji, ambayo ni ya aina inayotumia gesi, volti 12 au volti 240, ilipoza vizuri kwa gesi, lakini ikiwa njiani nyuma ya gari ilifika na maziwa vuguvugu. Mwisho, trela lilipochomekwa kwenye umeme wa nyumba, breka ya uvujaji, ile inayokata umeme unapovuja, ilianguka papo hapo na nyumba nzima ikabaki gizani.

Kwenye sanduku la fyuzi nilikuta fyuzi mbili zimeviringishiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na nafasi ya tatu imeshikwa na kipande cha msumari. Msumari hauungui, kinachoungua ni waya, kisha mbao, kisha trela lenyewe. Niliviondoa vyote kabla ya kupima chochote, nikaweka fyuzi zinazolingana na unene wa waya wa kila laini, kwa sababu kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, na ukubwa wake huamuliwa na waya huo hata kama kifaa kilichofungwa mwishoni kingetaka zaidi.

Kisha nilichora ramani ya waya zote. Rangi hazikuweza kutegemewa, maana kila aliyepita humu aliunga kwa waya aliokuwa nao mfukoni, kwa hiyo kila ncha ilipewa namba kwenye kipande cha karatasi kilichofunikwa kwa selotepu. Kazi hiyo inachosha lakini haina njia ya mkato.

Vifaa: mita ya kubana inayoweza kupima umeme wa betri, shilingi 180,000, na koleo la kubania teminali, 65,000. Anayenunua mita ya kubana asome maandishi ya mbele kwa makini, kwa kuwa nyingi za bei nafuu hupima ampea za umeme wa nyumba peke yake, na kwenye waya wa betri huonyesha sifuri hata umeme ukipita kwa wingi. Kifaa cha tatu hakikununuliwa: balbu ya indiketa ya wati 21 niliyoifunga waya mbili. Hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko mita. Mita ya volti haivuti umeme wa maana, hivyo waya ulioshikwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12.4 na kumridhisha fundi, ilhali balbu ya wati 21 hudai karibu ampea 1.75 na kuufichua waya huo mara moja.

15 Februari: Betri

Betri ilichajiwa, ikapumzishwa usiku kucha, na asubuhi ikasoma volti 12.5. Kwa betri ya risasi na asidi, volti 12.7 ni kujaa, 12.2 ni takriban nusu, na chini ya 11.8 ni tupu, kwa hiyo usomaji huo ungeweza kuifanya ionekane nzima. Nilifunga balbu ya taa kubwa ya gari, wati 55, yaani ampea nne na nusu hivi. Betri nzima ya ampea-saa 100, yaani ya kutoa kama ampea moja kwa saa 100, ingepaswa kuistahimili balbu hiyo usiku kucha. Hii ilishuka hadi volti 10.5 kabla ya saa moja kwisha.

Sababu ilionekana kwenye lebo: ni betri ya kuwashia gari. Sahani zake ni nyembamba, zimeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa tena papo hapo. Ikinyonywa hadi chini kila usiku na kuachwa hivyo, salfeti ya risasi hugeuka fuwele ngumu kwenye sahani, na chaja haiwezi kuirudisha tena. Muuza betri mmoja alinishauri nimwage asidi ya zamani nitie mpya. Ushauri huo ni wa kawaida sana mitaani na haufai: asidi iliyopungua nguvu haikupotea bali imefungika ndani ya sahani, na kuongeza asidi mpya hupandisha kipimo cha uzito wa maji ya betri bila kurudisha uwezo wake. Kinachoongezwa kwenye betri ya namna hii ni maji yaliyotoneshwa, basi.

Sikununua betri mpya wakati huu. Ukiweka betri mpya kwenye mfumo ambao bado unavuja, umenunua maiti ya pili.

1 Machi: Taa za nyuma, na kilichokuwa ndani ya plagi

Taa ya breki inayomemeta na indiketa ni dalili ya kawaida, na mafundi wa magari wengi huijua: njia ya kurudi, yaani waya wa ardhi, imeziba, na umeme wa indiketa unatafuta njia nyingine ya kurudi kwa kupitia balbu za jirani. Kwa hiyo nilianza pale mafundi wengi wanapoanza. Nilisugua vishikio vya balbu kwa msasa, nikaweka balbu mpya za shilingi 12,000, nikasafisha boliti ya ardhi kwenye chesisi. Hakuna kilichobadilika.

Hapo nikaacha kusafisha nikaanza kupima. Mita ikiwa kwenye tundu la taa bila balbu, ilisoma 12.4. Balbu ikiwekwa na kuwashwa, ilisoma 6.8. Kujua upande upi unazila volti hizo, waya mmoja wa mita huwekwa kwenye hasi ya taa na wa pili kwenye hasi ya betri ya gari, taa ikiwa inawaka. Kama njia ya kurudi ni nzima, mita itasoma sehemu ndogo ya volti moja. Hapa ilisoma 5.1. Karibu hasara yote ilikuwa kwenye njia ya kurudi, na kipimo kilekile kikirudiwa hatua kwa hatua kuelekea mbele kiliendelea kusoma hivyohivyo hadi kwenye plagi ya mbele, ambako ghafla kilishuka hadi karibu na sifuri. Ubovu uko pale kipimo kinaporuka.

Plagi ilikuwa ya pini 13, aina ya Ulaya. Nilipofungua kifuniko cha nyuma, udongo mwekundu ulidondoka. Nyigu alikuwa amejenga humo, vyumba vitatu vidogo vya udongo vilivyokauka vizuri, katikati ya pini, na ganda la buu bado limo. Udongo ule ulikuwa umeshika unyevu wa mvua za misimu iliyopita dhidi ya shaba, na skrubu za pini zilikuwa zimegeuka kijani hadi moja ilikatika chini ya bisibisi kama biskuti.

Hata hivyo nyigu hakuwa mkosaji mkuu. Kwenye plagi hii pini ya 3 ni ardhi ya taa, pini ya 11 ni ardhi ya umeme unaokuja gari likiwa limewashwa, na pini ya 13 ni ardhi ya umeme wa kudumu. Kanuni ya plagi hizi ni kwamba ardhi hizo tatu haziunganishwi upande wa trela. Fundi fulani aliziunga zote pamoja na kuzirudisha kwa waya mmoja mwembamba, ule wa taa. Kwa hiyo ampea zote za friji zilikuwa zinarudi kwa njia ya taa za nyuma, na waya huo ulikuwa umeungua hadi plastiki yake ikawa ngumu na ya kahawia. Maziwa vuguvugu na taa ya breki inayomemeta vilikuwa ugonjwa mmoja.

Plagi mpya ya pini 13 sikuipata. Nilizunguka soko la vipuri vya magari la Kisekka, Kampala, na kila muuzaji alikuwa na ya pini 7, basi nikaamua kutenganisha kazi mbili: pini 7 kwa taa peke yake, na kiunganishi kizito cha Anderson cha ampea 50, kile kinachotumika kwenye magari ya kuinulia mizigo ya bohari, kwa friji na kuchaji. Ninaona uamuzi huu ni bora hata kwa mtu atakayeipata ile ya pini 13, kwa sababu pini zake ni nyembamba kwa mzigo wa friji, na kipuri kikiharibika Gulu au Kabale fundi wa hapo atakuwa na ya pini 7.

Mpangilio wa Uingereza wa pini 7 ni huu: 1 ni manjano, indiketa ya kushoto, 2 ni buluu, taa ya ukungu, 3 ni nyeupe, ardhi, 4 ni kijani, indiketa ya kulia, 5 ni kahawia, taa ndogo ya kulia, 6 ni nyekundu, breki, 7 ni nyeusi, taa ndogo ya kushoto. Mtego mkubwa uko kwenye nyeupe na nyeusi. Fundi aliyezoea Toyota hutafuta ardhi kwenye waya mweupe wenye mstari mweusi, na mwingine yeyote akiona waya mweusi hudhani ni hasi. Kwenye trela hili mweusi ulikuwa umewahi kufungwa kwenye chesisi, ukapiga shoti, kisha ukakatwa na kuachwa, na ndiyo maana taa ndogo ya kushoto haikuwaka kabisa. Mwenye trela la Kimarekani asifuate orodha hii, kwa kuwa huko waya wa manjano hubeba indiketa ya kushoto pamoja na breki ya kushoto.

Plagi na soketi, 55,000. Mita nane za waya wenye nyuzi saba ndani, 72,000. Baada ya kufunga, kipimo cha njia ya kurudi kilishuka kutoka 5.1 hadi 0.2, na taa za breki zikaacha kucheza na indiketa.

16 Machi: Umeme unaoliwa trela likiwa limelala

Nilizima kila swichi, nikabana mita kwenye waya wa hasi wa betri. Ilisoma ampea 0.42. Kwa siku nzima hizo ni ampea-saa 10, yaani hata betri mpya ya ampea-saa 100 ingefika nusu kwa siku tano za kuegeshwa uani bila mtu kuigusa.

Njia ya kawaida ni kutoa fyuzi moja moja huku ukiangalia mita. Fyuzi ya king'amuzi cha gesi ilipotolewa, usomaji ulishuka hadi 0.35, na hilo ni sawa, kwani kifaa hicho kinapaswa kubaki macho wakati watu wamelala. Zilizobaki zote zikatolewa na mita haikutikisika. Maana yake ni moja tu: kuna kitu kimeungwa moja kwa moja kwenye betri, bila kupita sanduku la fyuzi.

Chini ya benchi la mbele, nyuma ya ubao uliopigiliwa misumari, kulikuwa na inveta ya wati 300, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumba, ambayo swichi yake ilikuwa imevunjika ikiwa upande wa kuwaka. Feni yake ilikuwa imekufa, taa yake imekufa, lakini ilikuwa hai na inakula ampea 0.35 mwaka hadi mwaka. Waya wake wa chanya ulipita chini ya ukingo wa chuma bila fyuzi yoyote, na plastiki ilikuwa imeanza kukatika pale ukingo ulipouma. Tatizo la betri kuisha lilikuwa dogo ukililinganisha na hilo. Waya wa betri usio na fyuzi ukigusa chesisi unaweza kupitisha mamia ya ampea, na hakuna kitakachouzuia isipokuwa moto. Inveta imeondolewa. Kila waya wa chanya unaotoka kwenye betri sasa una fyuzi yake karibu kabisa na betri.

5 Aprili: Friji njiani, na waya uliojifanya shaba

Kabla ya kung'oa waya za zamani nilipima, ili baadaye niwe na cha kulinganisha. Injini ya pikapu ikiunguruma, betri ya gari ilisoma volti 14.0 na nyuma ya friji mita ilisoma 10.2. Hita ya friji ni ya wati 120 kwa volti 12, na joto lake hufuata kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo kwa 10.2 ilikuwa inapata asilimia 72 ya joto lake. Friji ya kufyonza, yaani hii inayopoza kwa kutumia joto, haina kompresa. Bila joto la kutosha haipozi, na kwenye foleni ya Kampala saa saba mchana upungufu huo unatosha kuishinda.

Hesabu ya waya ni rahisi. Kila mita ya shaba yenye unene wa milimita ya mraba moja ina ukinzani wa ohmu 0.0172. Unazidisha kwa urefu wa kwenda na kurudi, unagawa kwa unene wa waya, kisha unazidisha kwa ampea. Kutoka betri ya gari hadi friji ni mita 12, kwenda na kurudi 24. Kwa waya wa milimita za mraba 6, hasara ingekuwa karibu volti 0.75 kwa ampea 11, nikaona inavumilika. Nilinunua mita 24 kwa shilingi 5,000 kila mita, bei ambayo kwa kweli ilikuwa nafuu mno kwa shaba ya unene huo.

Baada ya kufunga, hasara ilisoma 1.3. Nilibana teminali upya na kuhamisha ardhi, na namba haikusogea. Kisha nilichukua kipande kilichobaki, nikautenga uzi mmoja, nikaukwangua kwa wembe. Chini ya wekundu mwembamba ulitokea weupe wa fedha. Ulikuwa alumini iliyopakwa shaba. Uzi ule ukikunjwa mara chache hukatika, ilhali shaba hustahimili, na ukiushika mkononi mzingo mzima ni mwepesi kupita kiasi. Alumini hiyo ina ukinzani wa zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, hulegea ndani ya teminali kwa kupata joto na kupoa, na huliwa haraka pale unyevu unapoingia. Duka lilikataa kuurudisha kwa kuwa ulikwisha kukatwa. Kwa hiyo shilingi 120,000 zimepotea, na ninaziandika hapa ili msomaji abebe wembe mfukoni aendapo kununua waya, akwangue uzi mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 10 ulipatikana kwa muuzaji wa vifaa vya sola, 13,000 kwa mita, jumla 312,000. Viunganishi vya Anderson, 90,000. Kwenye gari kuna fyuzi ya ampea 30 karibu na betri, halafu rilei ya ampea 40, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayounga tu injini inapozalisha umeme, kwa sababu friji ikiachwa imeungwa wakati wa chakula cha mchana itamaliza betri ya gari kabla mwenye gari hajamaliza matoke yake. Rilei, fyuzi, vishikio vyake na mirija ya plastiki inayobana kwa joto viligharimu 60,000.

Usomaji wa sasa: 14.0 kwenye betri, 13.4 kwenye friji, gari likiwa limewashwa.

26 Aprili: Volti 240 na breka inayoanguka

Mvua za masika zilisaidia uchunguzi, kwani breka ilianguka kwa uhakika zaidi siku za unyevu. Fundi wa umeme wa nyumba niliyemwita aliangalia kwa dakika chache akasema, "Mzee, tukiutoa huu waya wa ardhi, breka haitaanguka tena." Nilimjibu, "Ni kweli ssebo, haitaanguka, lakini bodi nzima ya alumini itakuwa laini, yaani itakuwa na umeme, na atakayekanyaga nyasi mbichi akishika mlango ndiye atakayekuwa ardhi." Tulikubaliana kutafuta umeme unapovujia. Breka ya miliampea 30 huanguka kwa sababu umeme uliotoka kwenye laini haukurudi wote kwa nutro, waya wa kurudishia, na swali la kujibu ni umepitia wapi.

Alikuwa na mega, ile mita inayosukuma volti 500 ndani ya insulesheni na kupima inavyohimili. Vifaa vyote vilichomolewa, waya za trela zenyewe zikapimwa, zikawa safi. Kisha kifaa kimoja kimoja. Chaja nzuri. Friji, kati ya hita na bodi, ilisoma karibu na sifuri, ilhali kinachotakiwa si chini ya megaohmu 1. Fundi alitaka kuagiza hita mpya.

Hita za namna hii hujazwa unga wa magnesi oksidi kati ya waya wa moto na ganda la chuma, na unga huo hunywa unyevu wa hewa hita isipotumika kwa muda mrefu. Trela hili lilikuwa limetumia gesi tu kwa muda usiojulikana. Badala ya kununua hita, tuliiwasha friji kwa gesi mchana kutwa, kwa kuwa mwali hupasha bomba lilelile ambalo hita imelala ubavuni mwake, na joto hilo huufukuza unyevu. Jioni mega ilisoma zaidi ya 5. Breka haijaanguka tangu hapo. Unyevu utarudi trela likikaa sana, kwa hiyo friji itawashwa kwa umeme mara kwa mara hata ikiwa tupu.

Kabla ya kufunga sanduku tulikuta laini na nutro zimebadilishana kwenye waya wa kuchomekea, na breka ya trela ilikuwa ya kukata upande mmoja tu, kwa hiyo hata ikiwa imezimwa vifaa vilibaki na umeme. Imewekwa ya miliampea 30 inayokata pande zote mbili, 95,000. Fundi na mega yake, 50,000.

Jambo moja kwa wanaolala kwenye kambi za jenereta: kitufe cha majaribio cha breka kikifanya kazi hakithibitishi kwamba soketi ina ardhi. Kitufe hicho hutengeneza tofauti kati ya laini na nutro ndani ya breka yenyewe, na kitaiangusha hata pale ambapo waya wa ardhi haupo kabisa. Ardhi hupimwa peke yake.

17 Mei: Betri mpya na sola

Hatua hii haikuwa na matatizo. Betri ya AGM, yaani ya risasi iliyofungwa isiyoongezwa maji, ya ampea-saa 100, shilingi 780,000, imefungwa kwa mkanda ndani ya sanduku lenye tundu la hewa. Paneli ya wati 120 na kidhibiti chake, 330,000. Kidhibiti kimewekwa volti 14.4 za kuchaji na 13.6 za kushikilia. Chaja ya zamani ya trela hutoa 13.8 isiyobadilika, nayo inatosha kwa kushikilia betri ikiwa uani. Entebbe iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo paneli iliyolala bapa juu ya paa haipotezi kitu cha maana, lakini nimeinua ukingo mmoja kidogo ili mvua isafishe vumbi badala ya kutuama, na hewa ipite chini yake. Siku yenye jua safi huingiza ampea-saa 30 hivi. Trela likiwa limelala, mita sasa inasoma 0.07, yaani king'amuzi cha gesi peke yake.

7 Juni: Majaribio hadi Ziwa Mburo

Njia ilichaguliwa kwa makusudi: lami ndefu ya barabara ya Masaka, kupita mstari wa ikweta pale Kayabwe, kisha murramu, yaani barabara ya changarawe, yenye matuta madogo ya mfululizo kutoka lango la Sanga la hifadhi ya Ziwa Mburo hadi kambi ya Rwonyo. Lami haina cha kusimulia. Maziwa yalifika Lyantonde yakiwa ya baridi.

Murramu ilitoa kasoro moja. Taa ndogo ya kushoto ilizimika kabla ya kambi. Kwa balbu ya majaribio ilichukua muda mfupi kujua kwamba umeme unafika kwenye kiungo cha chini ya sakafu na hauvuki. Kiungo hicho ni kimoja kati ya vichache nilivyolehemu kwa risasi badala ya kuvibana kwa koleo. Waya ulikuwa umekatika pale risasi inapoishia, mahali ambapo nyuzi laini hukutana na sehemu iliyokakamaa na mtikisiko wote hujikusanya. Nilikibana kwa kiungo chenye mrija wa joto na kufunga waya kwenye chesisi pande zote mbili za kiungo. Vingine vilivyolehemiwa vimebadilishwa nyumbani kwa namna hiyohiyo.

Kambini friji ilirudishwa kwenye gesi, kama inavyopasa, maana kwa volti 12 ingemaliza betri yoyote kwa usiku mmoja. Taa, pampu na kuchaji simu za watu wote vilitumika bila kubana, na alfajiri betri ilisoma 12.5 kabla ya jua kufika kwenye paneli.

Gharama hadi leo, bila vifaa vya kupimia: plagi na soketi 55,000, waya wa nyuzi saba 72,000, balbu 12,000, Anderson 90,000, waya bandia 120,000, waya wa shaba 312,000, rilei na vidogo vyake 60,000, breka 95,000, fundi na mega 50,000, betri 780,000, sola 330,000. Jumla 1,976,000. Mita na koleo, 245,000, vinafikisha 2,221,000.

Zimebaki taa ya ukungu, ambayo waya wake wa buluu umefika kwenye plagi lakini gari halina swichi yake, na mfuniko wa mpira wa soketi ya pini 7, ambao haukai vizuri. Hadi upatikane unaofaa, soketi na plagi zinafungwa mfuko wa nailoni na mpira wa baiskeli kila trela linapoegeshwa, kwa sababu nyigu bado wapo uani.